Injinia na Askari Wake

Tulimwita Injinia, ingawa hakuna aliyewahi kuona cheti chake. Siku moja nilimwuliza alisomea wapi, akanijibu kwamba elimu ya kweli haina kuta. Mimi nilisoma ndani ya kuta, chuo kikuu, na huko nilijifunza kwamba jibu la aina hiyo hutolewa na mtu asiyetaka swali la pili. Mimi siku zote nina swali la pili. Ndiyo maana hatukuelewana.

Alizaliwa wapi na ni wa ukoo gani, sitasema. Huku kwetu Ukambani mtu hukueleza ukoo wa jirani yake kabla hujapata pa kukaa, na maelezo yakiisha bado hujui kama jirani mwenyewe ni mkweli au mwongo. Nitasema alivyofanya kazi. Kazi yake ndiyo iliyomfanya mama yangu mdogo aitwe mwizi wa maji kule Zombe.

Ofisi yetu ilikuwa mjini Kitui, juu ya duka la mbegu na dawa za mifugo. Tuliendesha vibanda vya maji vijijini. Kila kibanda kilikuwa na bomba, mashine ndogo ya kugusisha kadi, na mama wa kukisimamia. Mteja akigusisha kadi, mashine ilituma habari kwenye seva yetu ofisini, programu ndani ya seva ikakubali, bomba likafunguka. Kibanda cha Zombe kilikuwa na programu yake, cha kijiji cha Tulia yake, na vingine hivyo hivyo. Programu ikikataa, watu walibaki na mitungi yao mbele ya bomba kavu, na Zombe si mahali pa kumwambia mtu arudi kesho.

Seva hiyo Injinia aliifunika kwa kitambaa cha kufuma, cheupe, chenye maua pembezoni, kama vile ambavyo mama zetu hutandika juu ya makochi. Mke wake ndiye aliyekifuma. Chini yake mashine ilitoa joto kama mgonjwa wa malaria aliyefunikwa blanketi. Nilikiondoa mara nyingi. Kila niliporudi nilikikuta mahali pake, kimenyooshwa, pembe zote sawa. Aliniambia vumbi la Kitui halijasoma chuo lakini linajua kuingia.

Alivaa tai hata Jumamosi. Mfukoni mwa shati alipanga kalamu ambazo nyingi hazikuwa na wino. Kibodi aliipiga kwa vidole viwili, akiviinua juu sana kabla ya kuvishusha, kama kuku anayedonoa mtama huku akiangalia kama kuna mwewe. Alikuwa mzee wa kanisa, na kanisa alilibeba mpaka ofisini. Kila Jumatatu asubuhi alizima seva nzima, akaiombea, akaiwasha upya. Jambo hilo aliliita kuipumzisha. Vibanda vyote vilikauka kwa muda wa maombi, na maombi ya Injinia hayakuwa mafupi, maana alimkumbusha Mungu hata mambo ambayo nina hakika Mungu alikuwa anayajua.

Watu walimwona mtu makini asiyeamini kitu kirahisi. Uongo mtupu. Mtu akimwambia jambo kwa mdomo, alikunja uso na kudai ushahidi. Jambo lilelile likiandikwa kwenye skrini, alilimeza bila kutafuna. Kila ujumbe uliosambazwa kwenye simu yake aliuamini. Siku moja tulikuta simu yake imefungwa kwenye karatasi ya kufungia nyama choma, ile inayong'aa, kwa sababu alikuwa amesoma kwamba miale fulani ingepita angani. Watu walishindwa kumpata siku nzima. Alipoifungua simu jioni alisema, kwa uso mkavu kabisa, kwamba tuone jinsi miale ilivyovuruga mawasiliano.

Fahari yake kuu ilikuwa Askari. Hiyo ni programu aliyoiandika mwenyewe, miaka mingi kabla sijaajiriwa, ya kuzilinda programu nyingine. Haikuwa na picha wala vitufe vya kubonyeza. Ulifungua skrini nyeusi, ukaandika neno askari, na majina ya programu zote yakajipanga kutoka juu hadi chini. Mbele ya kila jina paliandikwa HAI kwa kijani, au IMEKUFA kwa nyekundu. Basi, hakuna kingine. Watu wa kamati za maji walipotutembelea, aliwakalisha, akaondoa kitambaa kwenye seva kama anayefunua chakula cha harusi, kisha akaandika neno lake kwa vile vidole viwili. Kijani kitupu. Wageni walitikisa vichwa kwa heshima. Mmoja aliuliza kama Askari hulala.

"Askari wangu hajawahi hata kupiga miayo," Injinia alisema.

Sitamnyima haki yake. Kwa mtu aliyejifunza peke yake, Askari ilikuwa kazi safi. Mistari michache, hakuna takataka. Lakini nilipoisoma yote, jambo lililonichukua muda mfupi kuliko Injinia alivyopenda, nilicheka. Askari hakuwa analinda chochote. Alikuwa anasalimia.

Sisi Wakamba, kijana akikutana na mzee humwambia "Wakya", na mzee hujibu "Aa". Jibu ni hilo moja tu. Mzee awe ameshiba au hajala tangu jana, awe ametoka kuzika au kuoza binti, atajibu "Aa", na kijana atapita akiwa ametimiza adabu. Ukitaka kujua hali yake, lazima ukae, uulize mbuzi, uulize shamba, urudi tena kwa mwenyewe, na polepole utaambiwa kwamba mguu mmoja haujakanyaga chini siku nyingi. Askari wa Injinia alisalimia, akaitikiwa, akapita. Aliiuliza kompyuta kama programu fulani imo kati ya zile zinazoendelea. Imo? Kijani. Kama imekwama, kama inangoja jibu ambalo halitakuja, kama haijafungua bomba tangu asubuhi, hayo hakuuliza.

Nilimweleza Injinia hivyo hivyo, kwa mfano wa salamu, nikidhani nimepata njia nzuri ya kumfikia. Alikasirika. Aliniuliza tangu lini adabu ya wazee wetu imekuwa kosa la kompyuta. Kisha akatoa msemo wake, ule aliourudia mpaka mafundi wa vibanda wakawa wanauiga kwa sauti yake.

"Kitu ni hai ama kimekufa. Hata mbinguni hakuna mlango wa katikati."

"Na mgonjwa, Injinia?"

"Mgonjwa ni hai."

"Anaweza kulima?"

"Wewe mwiitu, hiyo chuo ilikufundisha kubishana tu. Enda utuletee chai."

Mwiitu ni msichana, au binti. Siku nyingine aliniita msomi, na alilitamka neno hilo kama mtu anayetaja ugonjwa wa ngozi. Chai niliileta, kwa sababu nilikuwa bado kwenye kipindi cha majaribio.

Hapa kuna jambo linalonikera kulisema, lakini nikiliacha nitakuwa nafanya kama Askari. Injinia nilimjua kabla ya Kitui. Nilipokuwa shule ya upili huko Makueni, alikuja Jumamosi na pikapu iliyobeba kompyuta moja iliyofungwa kwenye godoro. Hakuna aliyemtuma. Wavulana waliizunguka meza kama nzi. Aliwaambia wasimame nyuma ya darasa, na sisi wasichana akatupa zamu ya kwanza. Mimi niliogopa kugusa.

"Hii mashine haijui wewe ni nani," alisema. "Inajua tu kile umeandika."

Niliandika jina langu, na skrini ikanirudishia. Bila Jumamosi zile nisingesoma nilichosoma. Mtu aliyewasogeza wavulana nyuma ni huyo huyo aliyenituma chai, na sijaona pale katikati alipogeuka. Labda hakugeuka. Labda watu kama yeye wanampenda mwanafunzi ilimradi abaki mwanafunzi.

Sasa Zombe. Kibanda cha Zombe alikisimamia mama yangu mdogo, dada wa mama yangu anayemfuata mgongoni. Ofisini sikumwambia mtu, kwa kuwa sikutaka isemwe kampuni imegeuzwa ya ukoo. Ni mwanamke mwenye sauti ndogo na kichwa kigumu. Kibanda alikifagia asubuhi na jioni, na watoto waliojaribu kuchezea bomba aliwatambua kwa majina ya bibi zao.

Mtandao wa simu Zombe huja na kuondoka kama mgeni aliyeacha gari likiunguruma. Ulipokatika katikati ya mazungumzo, programu ya Zombe ilibaki inangoja jibu. Ilingoja kwa uaminifu, jua likazama, likachomoza, nayo bado inangoja. Bomba lilikauka, mama mdogo akapiga simu ofisini. Injinia aliandika neno lake, akaona kijani, akajibu kwa sauti ya mimbari.

"Mama, huku kwetu kila kitu kiko sawa. Shida iko huko kwako."

Alimjibu hivyo wiki baada ya wiki. Na kwa kuwa kila Jumatatu aliizima seva na kuiwasha upya, programu ya Zombe iliamka ikiwa nzima, maji yakatoka, na watu wa Zombe wakauliza swali ambalo hata mimi ningeuliza: kama mashine ni mbovu, mbona inapona bila fundi kuja?

Jibu walilitafuta karibu. Shemeji wa mama mdogo alikuwa na punda, akiuza sokoni maji ya visima vya mchangani. Bomba lilipokauka, punda wake hawakupumzika. Ikasemwa kwamba mama mdogo hulifunga bomba ili shemeji apate soko. Foleni ilianza kunyamaza alipofika. Kanisani mwanamke mmoja alisimama kutoa ushuhuda, akamshukuru Mungu kwa kumlinda na wale wanaouza kile ambacho Mungu ametoa bure, bila kutaja jina, macho yakiwa dirishani. Mama mdogo alikuwa ameketi chini ya dirisha hilo.

Mwenyekiti wa kamati ya maji alimpigia Injinia kutaka kujua ukweli. Nilikuwapo. Injinia alimwambia kwamba Askari hana ndugu Zombe, kwa hivyo hana sababu ya kudanganya. Alipokata simu alitabasamu peke yake. Aliona sentensi imetoka vizuri.

Nikamwambia kwamba yule mama ni mama yangu mdogo.

"Aka," alisema, akaegemea kiti. "Kumbe. Sasa naelewa hii bidii yote. Wewe hutengenezi mashine, unatetea damu yako."

Nilimwambia damu yangu haina uwezo wa kukata mtandao. Akaniuliza mbona Tulia hawalalamiki. Nikasema Tulia mtandao ni mzuri. Akasema siku hizi mtandao uko kila mahali, alikuwa amesoma kwenye simu yake.

Niliandika marekebisho. Hayakuwa makubwa. Kila programu ikimaliza kazi, iandike saa iliyoimaliza. Askari akipita, asitosheke na kuikuta ipo, asome na hiyo saa. Ikiwa watu wanagusisha kadi na programu haimalizi kazi yoyote, aandike kwa njano: HAI LAKINI IMEKWAMA. Aliye ofisini akiona njano, aiwashe upya programu hiyo moja, bila kuzima vibanda vyote na bila maombi. Niliyajaribu kwenye laptop yangu na yakafanya kazi. Nilimpa nakala, nikamwomba ayaweke kwenye seva, maana neno la siri la Askari alikuwa nalo yeye peke yake. Alisema hiyo ni laptop ya mtumba, haiwezi kutoa ushahidi.

Wakati huo kamati ya Zombe ilikuwa imeitisha mkutano Ijumaa, kuamua kama mama mdogo anyang'anywe ufunguo wa kibanda. Alinipigia simu. Hakulia. Aliniuliza tu kama kuna njia ya kuifanya mashine iseme ukweli.

Kulikuwa na programu moja niliyoruhusiwa kuigusa, ile ya kutuma ujumbe kwa simu, kwa sababu niliiandika mimi. Nikaigandisha. Kompyuta ina amri ya kufanya hivyo: programu haifi, inasimama tu pale ilipo, kama mtu aliyekatizwa akiwa na kijiko mdomoni. Nilimwita Injinia. Akaandika neno lake. Kijani.

"Ni hai," alisema.

Nikamwomba ajitumie ujumbe kupitia programu hiyo. Akajitumia, simu ikanyamaza. Akajitumia mwingine. Akaizima simu, akaiwasha. Akaenda dirishani, akanyoosha mkono nje. Akashuka ngazi, nikamwona kupitia dirisha amesimama mbele ya duka la mbegu, tai ikipepea, simu imeinuliwa juu ya kichwa, akizunguka polepole kama mtu anayetafuta kibla. Mwenye duka alimwuliza kama anapiga picha ya mawingu. Aliporudi juu alisema ni mtandao.

Nikaiachilia programu. Ujumbe wote aliojitumia ukaingia kwa mkupuo, simu ikatetemeka mkononi mwake mpaka akaiweka mezani. Ikaendelea kutetemeka pale mezani. Aliitazama. Kisha akaitazama skrini nyeusi, na lile neno HAI lililokuwa la kijani muda wote ule. Alichukua koti lake akaenda nyumbani, na ilikuwa bado kabla ya chakula cha mchana.

Kesho yake asubuhi mstari wa njano ulikuwa umo ndani ya Askari. Alikuwa amenakili kazi yangu yote, neno kwa neno, hata kosa dogo la nafasi ambalo nilikuwa sijalisafisha. Juu kabisa, mahali pa jina la mwandishi, jina langu halikuwapo. Lilikuwapo lake.

Jina halikuniuma sana, au nilijiambia hivyo. Nilimwomba jambo moja: ampigie mwenyekiti wa Zombe kabla ya Ijumaa.

"Nimwambie nini?" aliuliza. "Kwamba Askari amekuwa kipofu miaka hii yote? Kamati gani itabaki na sisi?"

"Mwambie tu mama wa Zombe alisema ukweli."

"Nikisema hiyo, nimesema na hiyo nyingine."

Alikuwa sawa, na alijua. Nimekutana na watu wajinga wengi, na ujinga nimeusamehe, kwa sababu mjinga hajui anachokifanya. Injinia siku ile hakuwa mjinga hata kidogo. Alipima jina lake na jina la mwanamke ambaye hajawahi kumwona, akachagua, akarekebisha tai.

Ijumaa nilikwenda Zombe mwenyewe. Nilieleza habari ya mtandao, ya programu inayongoja, ya mstari wa njano. Walinisikiliza kwa upole. Nilipomaliza, mwenyekiti aliniuliza mimi ni nani kwa yule mama. Nikasema ni mtoto wa dada yake. Watu wakacheka, na kicheko chenyewe hakikuwa kibaya, kilikuwa kile cha kumwambia mtoto amejitahidi. Mama mdogo aliuvua ufunguo shingoni, akauweka mezani. Mwenyekiti akauchukua, na wanakamati wote waliufuata mpaka kibandani kuhakikisha mama mdogo hakuacha mlango mwingine. Jumatatu sikurudi kazini.

Marekebisho yangu yalifanya kazi vizuri sana, na hilo ndilo lililommaliza mama mdogo. Tangu siku alipoondoka, bomba la Zombe halikukauka tena. Njano ikitokea, aliye ofisini aliiwasha programu, maji yakaendelea. Zombe nzima ikaona kwa macho yake: mama ametoka, maji yamepona. Ushahidi gani tena ungetaka? Nilikuwa nimeitengeneza mashine ikamhukumu vizuri kuliko mwanzo.

Nilimwona Injinia tena mwaka huu, kwenye mji mdogo wa Salama. Nilikuwa natoka Nairobi, nikasimama kula katika mojawapo ya hoteli za kando ya barabara kuu, zile zinazopikia madereva wa malori. Ilikuwa ya mke wake. Yeye amestaafu, amekonda, na tai bado ipo. Alikuwa ameketi na madereva wawili, mgongo kwangu, anasimulia. Niliitambua sauti kabla ya mtu.

"Kulikuwa na mama mmoja Zombe," alikuwa akisema. "Mama wa kanisa. Watu wakasema ni mwizi. Mimi nikakataa. Nikasema huyu mama hawezi kudanganya, hii mashine ndiyo inadanganya. Nikakaa nayo chini. Sikula. Nikaona mahali iko na upofu, nikaweka mstari wa njano."

Dereva mmoja, mdomo umejaa muthokoi, ule mseto wa mahindi na maharagwe, akauliza kama huyo mama alirudishiwa kazi yake. Injinia aligeuka kuitisha maji ya kunawa, akaniona.

"Hiyo," alimjibu dereva taratibu, "ni mambo ya kamati."

Madereva walipoondoka alikuja mezani kwangu. Nilikuwa nimeandaa maneno kwa muda mrefu, mengine nisingeweza kuyaandika hapa. Yeye akanitangulia.

"Wewe sikukuweka kwa hadithi," alisema. "Ukiweka watu wengi, dereva anachanganyikiwa."

"Mimi niache nje. Mama mdogo je?"

"Yeye si yuko? Umesikia. Nimemsema vizuri."

"Umemsema vizuri Salama, Injinia. Yeye anakaa Zombe."

Akatazama malori. Nikamwambia aende akaisimulie huko, kwa kamati, kama alivyoisimulia kwa madereva.

"Hata ile ya mimi kukaa na mashine?"

"Hata hiyo."

Alinichunguza akitafuta mtego. Alisema ananijua mimi, sipendi uongo. Nikasema siupendi. Akauliza kama kamati yote itakuwapo. Nikasema yote. Hapo nikaona mkono wake unakwenda shingoni kunyoosha tai, na nikajua atakwenda. Hakuguswa na aibu wala toba, nisimsingizie. Ni kwamba kulikuwa na watu ambao bado hawajaisikia hadithi yake.

Nilimpeleka siku ya soko. Njia nzima alifanya mazoezi, midomo ikicheza. Zombe, mwenyekiti na wenzake walikuwa wamekuja kibandani kwa heshima ya jina lake, na foleni ya maji ilikuwa ndefu. Mama mdogo alikuwa ndani ya foleni na mtungi wake, kama mteja mwingine yeyote. Injinia alipanda juu ya ile saruji ya bomba, akaanza.

Alisimulia vizuri kuliko Salama. Alifunga kula. Aliomba. Alisikia sauti. Mimi niliuma meno. Kisha akafika mahali pa simu, ile ambayo mwenyekiti alimpigia, na akasita. Nilidhani atairuka.

"Mliniuliza, nikawaambia shida iko kwa mama," alisema. "Askari wangu alikuwa kipofu. Huyu mama ndiye aliona."

Sentensi hiyo haikuwamo Salama. Hakukaa nayo. Mara moja akarudi kwenye mstari wa njano, jinsi alivyoubuni, jinsi ulivyong'aa, na sauti yake ikapanda tena. Lakini ilikuwa imeshatoka, na foleni yote ilikuwa imegeuka kumtazama mama mdogo.

Mwenyekiti hakuwa mtu wa kubebwa na hadithi. Alinigeukia.

"Wewe ulikuja hapa kwa ule mkutano na hayo maneno ya mstari wa njano," alisema. "Leo Injinia anasema ni wake. Nani aliuweka?"

Watu walisogea wasikie. Nikisema ni wangu, Injinia ni mwongo, na mwongo akisema mtu hakuiba hajasema kitu. Tungerudi palepale, mtoto wa dada akimtetea mama yake mdogo. Injinia alikuwa anaangalia viatu vyake. Mama mdogo alikuwa ananiangalia mimi, na yeye alijua tangu zamani ni nani aliyeuandika.

"Ni yeye," nilisema.

"Peke yake?"

"Peke yake."

Mwenyekiti akatikisa kichwa polepole kukubali, akamwita mama mdogo aje mbele achote kwanza. Wanawake wakaanza kuvuta mitungi yao pembeni kumpisha. Mmoja wao alikuwa yule wa ushuhuda.

"Zamu yangu haijafika," mama mdogo alisema, kwa ile sauti yake ndogo. "Na ule ufunguo mliufuata mkiwa wote. Mkitaka kuurudisha, njooni wote, kwangu mnapajua."

Aliyekuwa mbele yake alimaliza kuchota, akajitwika, akaondoka. Mama mdogo akausogeza mtungi wake kwa mguu, nafasi moja.